KUINGIA PASI NA JINA WALA NENO LA SIRI: LUGHA YA UTAMBULISHO KATIKA HUDUMA ZA MTANDAO, KWA KUZINGATIA KIBITI NA DELTA YA RUFIJI

IKISIRI

Makala haya yanaeleza namna mtumiaji anavyoweza kuingia katika huduma za mtandao bila kutaja jina wala neno la siri, na yanachunguza lugha ambayo Kiswahili kinaitumia kulieleza tendo hilo. Hoja yetu ya msingi ni kwamba kauli moja, "weka kidole", hivi sasa inabeba matendo matatu yenye matokeo tofauti kabisa ya kisheria na kiusalama, na kwamba mtumiaji wa kawaida hana njia ya kuyatofautisha kwa kusikiliza lugha anayoambiwa. Mifano inahusu zaidi mazingira ya Kibiti na delta ya Rufiji, ambako kazi za mikono, matumizi ya simu kwa ushirika na mafuriko huliweka tatizo hili wazi. Mwishoni tunapendekeza istilahi na kauli za maelekezo.

1.0 UTANGULIZI

Kitenzi cha Kiingereza kinachotumika kwa tendo la kufungua huduma ya kompyuta kina asili ya baharini: kinatokana na daftari la safari la chombo, ambamo nahodha aliandika mwendo na matukio. Aliyetumia kompyuta aliandikwa daftarini, na maana ya kwanza ya tendo hilo ilikuwa kuwekwa katika kumbukumbu. Kiswahili hakikuifuata njia hiyo. Kimechagua kitenzi "ingia", na kwa uchaguzi huo kimeifanya huduma ya mtandao kuwa nyumba. Mwenye kuingia nyumbani kwa watu hupiga hodi, huulizwa ni nani, hukaribishwa, ndipo akavuka kizingiti.

Tofauti hii si ya mapambo. Sitiari ya nyumba humfanya mzungumzaji wa Kiswahili atarajie mambo fulani: kwamba mwenye nyumba ndiye anayeuliza, kwamba mgeni ndiye anayejibu, na kwamba jibu la mgeni linatosha kwa sababu sauti yake inajulikana. Teknolojia iliyoenea tangu mwaka 2022 inayageuza matarajio hayo. Mgeni hasemi lolote. Kifaa kilicho mkononi mwake ndicho kinachojibu kwa niaba yake. Kwa hiyo swali la kiisimu ni hili: lugha inayotegemea hodi na jibu la hodi ilielezeje tendo ambalo mgeni hafungui kinywa?

2.0 JINA, NENO NA MWILI

2.1 Aina tatu za ushahidi

Wataalamu wa usalama wa kompyuta huugawa ushahidi wa utambulisho katika mafungu matatu: kile mtu anachokijua, kile alicho nacho, na vile alivyo. Kiswahili kinayabainisha mafungu haya kwa uwazi wa kisarufi, kwa vitenzi -jua, -wa na, na -wa. Neno la siri ni la fungu la kwanza. Laini ya simu, kadi na ufunguo ni vya fungu la pili. Alama ya kidole, uso na sauti ni vya fungu la tatu. Jina la mtumiaji halimo katika fungu lolote, kwa kuwa halithibitishi kitu. Linadai tu. Anayesema "mimi ni Fulani" ametoa dai, na dai hilo linasubiri ushahidi.

Hapa hatuna budi kutenganisha vitenzi vitatu ambavyo matumizi ya kila siku huvichanganya. "Kutambulisha" ni kutoa dai la kuwa fulani. "Kuthibitisha" ni kuleta ushahidi wa dai hilo. "Kuruhusu" ni uamuzi wa mwenye huduma baada ya kuridhika. Katika hodi ya kawaida matendo yote matatu hukamilika kwa pumzi moja, na ndiyo maana lugha haikulazimika kuyatenganisha.

2.2 "Nani?" "Mimi."

Katika utamaduni wa pwani, adabu ya kubisha hodi ina kanuni zake. Qurani, sura ya 24, aya ya 27, inawataka waumini wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwasalimu wenyewe, na mafundisho ya Mtume yanaelekeza kuomba ruhusa mara tatu, kisha kurejea iwapo hakuna jibu. Katika mapokezi ya Bukhari imo habari ya Jabir aliyebisha hodi, akaulizwa ni nani, akajibu "Mimi". Mtume akalirudia neno hilo kama mtu asiyeridhika nalo.

Habari hiyo ina somo la semantiki. "Mimi" ni kiwakilishi ambacho rejeo lake hutegemea anayekitamka; hakimtaji mtu yeyote pekee. Hata hivyo, katika kijiji cha watu wanaojuana jibu hilo hufanya kazi kila siku, kwa sababu linalobeba utambulisho ni sauti. Anayejibu "Mimi" ameingia bila jina na bila neno la siri. Ameingia kwa vile alivyo.

Simulizi la Shibolethi katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, linafanana na hilo, ila ni la kutisha. Wagileadi waliokuwa wameshika vivuko vya Yordani walimtaka kila aliyetaka kuvuka atamke neno moja, na wale walioshindwa kutamka sauti ya mwanzo kama wao waliuawa. Neno hilo halikuwa siri. Aliyeulizwa aliambiwa alitamke. Kilichopimwa ni ulimi. Wanaisimu tunalitaja simulizi hilo tunapofundisha lahaja, lakini linafaa pia kukumbukwa na wahandisi: ushahidi wa mwili hauwezi kubadilishwa na mwenye mwili, hata pale unapomponza.

2.3 Nywila na njwiywila

Istilahi za Kiswahili za fungu la kwanza ni tatu: "neno la siri" pamoja na umbo lake lililounganishwa "nenosiri", "namba ya siri", na "nywila". Hii ya mwisho inatuleta Rufiji. Katika kumbukumbu za Vita vya Maji Maji zilizokusanywa na Gwassa na Iliffe na kuchapishwa mwaka 1968, wazee wa Umatumbi walieleza jambo waliloliita njwiywila, yaani ujumbe wa siri ulioenezwa kwa kunong'onezana kabla ya vita kuanza Julai 1905. Ujumbe huo ulihusu mganga wa Ngarambe, katika Wilaya ya Rufiji ya leo, yaani Kinjikitile Ngwale, ambaye Wajerumani walimnyonga Agosti 1905. Aliyesikilizishwa njwiywila alilipa pesa moja.

Ufanano wa sauti kati ya "nywila" na "njwiywila" unavutia, lakini ufanano wa sauti peke yake si hoja ya etimolojia, nasi hatuutumii hivyo. Tunautumia kulinganisha aina mbili za siri. Njwiywila ilikuwa siri ya kushirikishana: thamani yake iliongezeka kadiri ilivyofika kwa wengi, kutoka kwa Wakichi hadi Kipatimu na Samanga. Nywila ya kompyuta ni siri ya kutoshirikishana: thamani yake hufa pale mtu wa pili anapoijua. Neno "siri" linazibeba maana zote mbili. Mzungumzaji anayeambiwa "hii ni siri" anaweza kuelewa kwamba ni jambo la ndani ya nyumba, ambalo mke, mtoto au wakala anayeaminika anaweza kulijua. Mzee anayemtajia wakala namba yake ya siri ili amsaidie kutoa fedha hajavunja siri kwa maana ya kwanza. Ameivunja kwa maana ya pili tu.

3.0 JINSI UFUNGUO UNAVYOFANYA KAZI

Neno la siri lilianza kutumika kwenye kompyuta za matumizi ya pamoja mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika mfumo ulioongozwa na Fernando Corbató huko MIT, Marekani. Mwaka 1962 mmoja wa watafiti wa hapo, Allan Scherr, aliamuru mashine ichapishe faili lenye maneno ya siri ya watumiaji wote, naye akapata muda zaidi wa kuitumia. Udhaifu uliojitokeza wakati huo haujaondoka hadi leo: siri inayohifadhiwa na pande mbili inaweza kuibwa katika upande wowote.

Dawa ya udhaifu huo ilitokana na hisabati. Mwaka 1976 Diffie na Hellman walichapisha wazo la funguo za jozi, na mwaka uliofuata Rivest, Shamir na Adleman wakatoa mbinu ya kulitekeleza. Katika jozi hiyo, ufunguo mmoja ni wa hadhara na mwingine ni binafsi. Kilichotiwa saini kwa ufunguo binafsi kinaweza kuhakikiwa na yeyote mwenye ufunguo wa hadhara, lakini ufunguo wa hadhara hauwezi kutumika kutia saini.

Kuingia bila jina wala neno la siri kunafuata hatua hizi. Siku ya kujiandikisha, simu huunda jozi ya funguo kwa ajili ya huduma hiyo moja. Ufunguo wa hadhara hupelekwa kwa mwenye huduma. Ufunguo binafsi hubaki upande wa mtumiaji, pamoja na alama inayoonyesha ni akaunti ya nani. Siku ya kuingia, huduma hutuma tarakimu za nasibu ambazo hazijawahi kutumika. Simu humtaka mwenyewe aifungue kwa kidole, kwa uso, au kwa namba ya kufungulia simu. Ikishafunguliwa, hutia saini tarakimu zile na kuzirudisha pamoja na alama ya akaunti. Huduma huihakiki saini na kufungua mlango. Jina halikuandikwa, kwa sababu simu inajua ni akaunti ipi. Neno la siri halikuandikwa, kwa sababu halipo.

Mzungumzaji wa Kiswahili anaweza kuyafananisha mazungumzo hayo na kitendawili. Mmoja husema "Kitendawili!", mwingine hujibu "Tega!", na fumbo hutolewa. Tofauti ni kwamba hapa fumbo ni jipya kila mara, na aliyelisikia jibu la leo hawezi kulitumia kesho. Faida nyingine ni kwamba ufunguo umefungamanishwa na anwani ya huduma iliyouunda. Tovuti ya kitapeli inayoiga sura ya benki haitapata jibu, kwa kuwa simu haiangalii sura, huangalia anwani.

Kanuni za utaratibu huu zimetungwa na muungano wa FIDO, uliotangazwa mwaka 2013, na shirika la W3C, ambalo lilipitisha kanuni ya WebAuthn Machi 2019. Mwezi Mei 2022 kampuni za Apple, Google na Microsoft zilitangaza kwa pamoja kwamba zitauwezesha utaratibu huo katika vifaa vyao vyote, ikiwa ni pamoja na kuhifadhi nakala za funguo ili mtumiaji azipate tena katika simu mpya.

4.0 KIDOLE KIMOJA, MATENDO MATATU

Sasa tuitazame kauli inayosikika katika maduka ya mawakala, katika ofisi na kwenye simu zenyewe:

(1) Weka kidole.

Sentensi hii fupi ina maana tatu kimatendo.

Maana ya kwanza ni ya zamani. Asiyejua kusoma alitia dole gumba lenye wino kwenye hati. Hiyo ilikuwa saini. Kidole kilimaanisha "nimekubali".

Maana ya pili ni ya dola. Tarehe 1 Mei 2019 Tanzania ilianza kusajili laini za simu kwa alama za vidole. Mwenye laini alitakiwa awe na namba ya utambulisho iliyotolewa na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA, yenye tarakimu 20, na alama ya kidole chake ililinganishwa na ile iliyomo katika kumbukumbu za mamlaka hiyo. Mwisho wa usajili uliwekwa tarehe 31 Desemba 2019, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020, kisha laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Hapa kidole kinamaanisha "mimi ndiye yule mliyemwandika". Alama husafiri, hulinganishwa mahali pengine, na matokeo yake ni kwamba laini inaandikwa kwa jina la mtu huyo.

Maana ya tatu ni ile ya ufunguo tulioueleza. Alama ya kidole haiendi kokote. Hulinganishwa ndani ya simu, na kazi yake ni kuiruhusu simu itumie ufunguo binafsi. Mwenye huduma haipokei alama hiyo kamwe. Kidole kinamaanisha "simu yangu, fanya kazi".

Kisarufi, tendo ni lile lile, na mtenda ni yule yule. Kinachotofautiana ni kauli ya kitenzi kinachofuata nyuma ya pazia. Katika maana ya kwanza mtu anajifunga: kauli ni ya kujirejea. Katika maana ya pili mtu anatambuliwa: kauli ni ya kutendwa, na mtambuzi ni dola. Katika maana ya tatu simu inafunguka: kauli ni ya kutendeka, na mtu hatambuliwi na yeyote nje ya kifaa chake. Sentensi (1) inavificha vitenzi hivyo vyote vitatu.

Ufiche huo una gharama. Katika usajili wa laini, mtu aliyeambiwa aweke kidole mara ya pili kwa madai kwamba cha kwanza hakikusoma anaweza kuwa amesajiliwa laini ya pili asiyoijua. Laini ya namna hiyo ndiyo hutuma ule ujumbe uliozoeleka nchini, unaomtaka mtu "ile hela" aitume kwa namba nyingine, na kosa likifuatiliwa, jina linaloonekana ni la asiye na hatia. Ndiyo maana wateja wamewekewa njia ya kupiga *106# ili wahakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao. Mwenye kujua kwamba "kuweka kidole" kwa wakala ni sawa na kutia saini hati mpya angeuliza: cha pili ni cha nini? Asiyejua, aliyezoea kuweka kidole kwenye simu yake mara nyingi kwa siku bila madhara yoyote, hana sababu ya kuuliza.

5.0 HALI YA KIBITI NA DELTA

Wilaya ya Kibiti ilimegwa kutoka Rufiji katikati ya miaka ya 2010, na ndiyo yenye sehemu kubwa ya delta: visiwa na vijito vilivyozungukwa na mikoko, ambako Wandengereko, Warufiji na Wanyagatwa hulima mpunga, huvua kamba na samaki, na husafiri kwa mitumbwi na mashua. Mazingira haya yanaipima teknolojia hii kwa namna nne.

Kwanza, kazi. Jembe, kamba za nyavu, chumvi na miti ya mikoko huchubua ngozi ya vidole, na mistari inayosomwa na mashine hufifia. Katika maana ya tatu ya "weka kidole" hili si kikwazo kikubwa, kwa sababu simu hukubali namba ya kufungulia badala ya kidole, na ufunguo hufanya kazi vile vile. Katika maana ya pili ni kikwazo kikubwa, kwa kuwa kinacholinganishwa ni mwili. Mtu aliyekataliwa na mashine ya usajili anaweza kuamini kwamba teknolojia yote ya kidole haimfai, akaikosa ile inayomfaa.

Pili, kifaa. Ufunguo unahitaji simu ya kisasa. Simu ndogo za vitufe, maarufu kama vitochi, haziwezi kuuhifadhi. Watumiaji wake huingia katika huduma za fedha kwa kupiga namba kama *150*00# na kuandika namba ya siri, utaratibu uliokuwapo tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008. Inafaa kutambua kwamba utaratibu huo nao hauna jina la mtumiaji. Laini yenyewe ndiyo jina.

Tatu, ushirika. Kanuni za ufunguo zinachukulia kwamba simu moja ina mwenyewe mmoja. Mahali ambapo simu moja inatumiwa na mume, mke na mtoto, kila ajuaye namba ya kuifungulia anaweza kuingia popote mwenye simu anapoingia. Neno la siri, pamoja na udhaifu wake, lilimpa mke nafasi ya kuwa na jambo lake ndani ya simu ya pamoja. Ufunguo unaweza kumnyang'anya nafasi hiyo, isipokuwa kama ameelezwa mapema.

Nne, maji. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyoikumba Rufiji na Kibiti yaliharibu mashamba na makazi. Katika hali kama hiyo simu hupotea pamoja na kitambulisho cha karatasi. Aliyekuwa na neno la siri kichwani angeweza kuazima simu ya jirani akaingia. Aliyekuwa na ufunguo uliohifadhiwa katika simu iliyozama hana cha kuingilia, isipokuwa kama nakala ya funguo zake ilihifadhiwa katika akaunti nyingine, na akaunti hiyo nayo ina njia ya kurejeshwa anayoimudu. Kile unachokijua hakizami. Kile ulicho nacho huzama.

Ikumbukwe pia kwamba kati ya mwaka 2015 na 2017, Kibiti, Rufiji na Mkuranga zilipitia kipindi cha mauaji ya viongozi wa vijiji na askari polisi. Katika jamii iliyopitia hofu hiyo, swali "wewe ni nani?" si swali jepesi, na lugha ya kumtaka mtu ajitambulishe inastahili kutumiwa kwa uangalifu na kwa ukamilifu.

6.0 ISTILAHI NA KAULI ZA MAELEKEZO

Katika baadhi ya violesura vya Kiswahili, ufunguo tuliouzungumzia umeitwa "ufunguo wa siri". Istilahi hiyo ina kasoro mbili. Inauweka ufunguo katika familia ya "neno la siri" na "namba ya siri", hivyo mtumiaji hutafuta kitu cha kukumbuka au kuandika, ilhali hakipo. Aidha, inagongana na dhana ya ufunguo binafsi, ambao ni nusu tu ya jozi.

"Ufunguo wa kuingilia" ungekuwa wazi zaidi, lakini kauli ya kutendea ya "ingia" imekwisha kubeba maana ya kuvuruga au kuvamia: kuingilia mambo ya watu. Haifai kwa jambo linalohusu usalama. Tunapendekeza "ufunguo wa utambulisho" kwa dhana nzima, "ufunguo wa hadhara" na "ufunguo binafsi" kwa sehemu zake, na "nywila" ibaki kwa neno la siri peke yake.

Muhimu zaidi ni kauli za maelekezo. Badala ya sentensi (1), tunapendekeza kila tendo lipewe kitenzi chake:

(2) Weka kidole ili simu yako ifunguke. Alama yako haitatumwa.

(3) Weka kidole ili ulinganishwe na kumbukumbu za NIDA. Laini moja itasajiliwa kwa jina lako.

(4) Weka dole gumba kuonyesha kwamba umesomewa hati hii na umeikubali.

Sentensi hizi ni ndefu kuliko (1), lakini urefu wake ndio unaobeba haki ya msikilizaji. Kila moja inataja tokeo, na tokeo ndilo linalomwezesha mtu kukubali au kukataa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeipa ridhaa nafasi katika ukusanyaji wa taarifa za watu. Ridhaa inayotolewa kwa sentensi isiyotaja tokeo ni ridhaa ya jina tu.

7.0 HITIMISHO

Tumeonyesha kwamba kuingia bila jina wala neno la siri si kuingia bila ushahidi. Ni kuuhamisha ushahidi kutoka kinywani kwenda kwenye kifaa. Kwa upande wa wizi na utapeli, uhamisho huo ni hatua njema. Kwa upande wa mwenye vidole vilivyochubuka, mwenye simu ya pamoja na aliyepoteza kila kitu kwenye maji, faida yake hutegemea namna alivyoelezwa kabla ya kuweka kidole.

Kazi ya kuunda istilahi za kompyuta kwa Kiswahili imefanywa kwa miaka mingi, na imetoa nomino nyingi nzuri. Vitenzi havijapewa uangalizi ule ule. Kwa kuwa mtumiaji hukutana kwanza na amri, kisha ndipo nomino, tunaona kwamba wanaistilahi na wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada za tasnifu wangefanya jambo la manufaa kwa kuchunguza amri hizo: zinasema nini, zinaficha nini, na msikilizaji wa Mbuchi, Salale au Nyamisati anaelewa nini anapoambiwa aweke kidole.